Uzamivu wa elimu ya lugha upitie pia darasa la kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu masharti ya kupata shahada ya uzamivu katika elimu ya lugha na stadi za kusoma na kuandika, jambo ambalo kwa kawaida huachiwa vyuo vikuu, ilhali matokeo yake hutufikia sisi tunaofundisha watoto herufi huku wilayani Bahi.

Masharti yaliyopo yanajulikana. Mwombaji awe na shahada ya umahiri, aandike pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya wanaidara, apangiwe wasimamizi, apate vibali, akusanye data, aandike tasnifu na kuitetea mbele ya jopo baada ya kusomwa na watahini wa ndani na wa nje. Na siku hizi vyuo vingi hudai pia makala zilizochapishwa katika majarida ya kitaaluma. Kwa anayesoma muda wote, kazi hiyo huchukua miaka mitatu au zaidi. Ni masharti mazito na siombi yapunguzwe. Naomba liongezwe moja: mtahiniwa akae muhula mzima katika darasa la kwanza au la pili kabla hajaanza kupima chochote.

Miaka michache iliyopita alikuja shuleni kwetu mwanafunzi wa uzamivu, mtu mwenye adabu na bidii, akiwa na fomu zake na saa ya kuhesabia sekunde. Aliwaita watoto mmoja mmoja chini ya mti, akawapa karatasi ya maneno wayasome kwa sauti kwa dakika moja. Binti mmoja alipofika kwenye "mtoto" akasoma "mutoto", kwenye "mtu" akasoma "mutu", na kila mara neno lile lilikatwa kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na roho iliniuma, kwa sababu mtoto yule alikuwa anasoma. Kwao wanazungumza Chigogo, ambamo mtu huitwa "munhu", na irabu ambayo Kiswahili kimeiacha bado ipo ulimini mwake. Macho yake yaliziona herufi zote. Ulimi ndio uliojaza irabu uliyoizoea. Asiyetambua herufi hurudishwa kwenye silabi, "ba, be, bi", hata kwa wiki kadhaa. Huyu alihitaji tu kuonyeshwa namna ya kufunga midomo na kuiacha "m" isimame yenyewe, jambo ambalo watoto wetu hulipata kwa siku chache. Katika fomu, yeye na asiyetambua herufi wote wawili huandikwa kwamba hawajui kusoma.

Siku hiyo hiyo madawati mengi yalikuwa wazi, na sababu iliyoandikwa ilikuwa utoro. Ulikuwa wakati mtama na uwele vinakomaa, na watoto walikuwa mashambani wakiamia ndege. Mtu aliyekaa nasi tangu Januari angelijua hilo bila kuuliza, tena angejua ni mtoto gani hurudi baada ya mavuno na yupi harudi tena.

Nakubali kwamba muhula mmoja ni gharama, hasa kwa mwanafunzi anayejilipia. Lakini ndani ya miaka mitatu muhula mmoja si mwingi, na anayetaka kuitwa daktari wa elimu ya lugha anapaswa kuijua, walau kwa kuisikia, lugha ambayo mtoto anakuja nayo kutoka nyumbani, au afanye kazi bega kwa bega na mwenyeji anayeijua. Mkoa wetu peke yake hauna lugha moja. Ukienda Kondoa na Chemba utakuta Kirangi, na utakuta Kisandawe chenye sauti za kidoko, ambacho si lugha ya Kibantu kabisa.

Kuna jambo la pili, nalo ni fupi. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, lakini tasnifu nyingi za elimu zinazotuhusu huandikwa kwa Kiingereza. Wapo wanaosema mtahini wa nje asiyejua Kiswahili atashindwa kuisoma kazi. Basi tasnifu ibaki hivyo, ila mtahiniwa asivishwe joho mpaka awe ameandika ripoti ya kurasa ishirini au thelathini kwa Kiswahili na kuirudisha katika kila shule aliyokusanya data. Lugha haishindwi na kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu nzima za uzamivu wa Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiswahili.

Binti yule sasa yuko darasa la tano na anawasomea wadogo zake hadithi. Muhula mpya unaanza Januari, na kwenye darasa langu lipo dawati la nyuma, kando ya dirisha, ambalo mtafiti yeyote anakaribishwa kulikalia hadi shule itakapofungwa.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasa la kwanza,
Bahi, Dodoma.