Risala ya Klabu ya Kupinga Udhalilishaji wa Kijinsia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, 11 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa. Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kukubali kwako mwaliko huu ni heshima ambayo hatutaisahau.

Klabu yetu ilianza mwaka 2019 ikiwa na wanachama 14. Leo tuko 63, wakiwemo wavulana 21. Katika kipindi hicho tumepiga hatua kubwa sana. Sanduku la maoni lenye kufuli limetundikwa nje ya maktaba, na kila Ijumaa hufunguliwa na mwalimu mlezi mbele ya mwanafunzi wa kike. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, imechorwa kwenye kuta nne. Ule mchezo wa kuwapanga wasichana kwa alama kufuata maumbile yao, uliokuwa ukiandikwa nyuma ya madaftari, umetokomezwa kabisa Kidato cha Pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtu hugeuzwa chombo cha starehe kabla hata hajaguswa. Huanza pale mwili wake unapotazamwa, kupimwa na kujadiliwa kana kwamba hauna mwenyewe. Mvulana anayezoea hivyo leo, kesho akipewa ofisi huomba rushwa ya ngono, kosa lililotajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Na msichana je? Mwaka 1997 wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts wa Marekani walieleza kuwa anayetazamwa hivyo kila siku mwishowe hujitazama mwenyewe kwa macho ya wanaomtazama, na hapo huingia aibu juu ya mwili wake, sonona na kujinyima chakula. Mwaka 1998 Fredrickson na wenzake waliwapa wanachuo mtihani wa hesabu, baadhi wakiwa wamevaa sweta na wengine vazi la kuogelea, baada ya kila mmoja kujiangalia kwenye kioo akiwa peke yake. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walipata alama chache kuliko wenzao wa sweta. Wanaume vazi halikuwapunguzia kitu. Akili iliyotakiwa kwenye hesabu ilikuwa imegawanyika, sehemu yake ikiulinda mwili.

Ndiyo maana risala ya leo inahusu vyoo.

Shule ina wasichana 412. Mwongozo wa Serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20, yaani matundu 21. Tunayo manane. Matano hayana milango: ilikuwa ya bati, ikaoza upande wa chini kwa maji ya kusafishia, bawaba zikaachia fremu. Matatu yana milango, lakini komeo liko nje. Madirisha yako futi nne na nusu kutoka ardhini, usawa wa macho ya mtu, yakielekea njia ya uwanjani na kijiwe cha bodaboda. Ukuta unaotutenga na vyoo vya wavulana haukufika kwenye paa, na kwenye pengo hilo la futi mbili simu huinuliwa. Kwa hiyo msichana hanywi maji tangu asubuhi. Hujibana hadi saa tisa alasiri, jambo linalochangia UTI, au huenda na wenzake wawili wamshikie kanga mlangoni, na wote watatu wanakosa kipindi. Siku za hedhi wengi hubaki nyumbani.

Tunaomba jengo jipya, mbali na la wavulana, lenye matundu 13, moja likiwa pana na lenye vishikio kwa mwenye ulemavu, pamoja na chumba cha stara cha mita tatu kwa mbili na nusu chenye bomba, ndoano za kutundikia nguo na kichomea taka cha pedi. Milango iwe ya mbao ngumu, komeo ndani, uwazi wa chini usizidi inchi moja. Matundu ya hewa yaanzie futi saba. Mbele ya kila mlango wa kuingilia ujengwe ukuta wa stara, ili hata mlango ukiwa wazi aliye nje asione ndani. Kuta zote zifike kwenye paa. Hapa mafundi hupenda kubana matumizi, nasi tunaomba wasikubaliwe.

Wazazi wamekwisha kufyatua matofali 1,900 na kuchimba shimo. Kinachokosekana ni saruji mifuko 90, bati, mbao, milango 14, simtanki la lita 2,000 na malipo ya fundi.

Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa tunakumbusha kwamba kwenye jukwaa hili hili, Oktoba 2022, mgeni rasmi wa siku ile alitamka mifuko 100 ya saruji, nasi tulipiga makofi kwa muda mrefu. Mwaka 2023 tulijibiwa kuwa ahadi imepokelewa. Mwaka 2024 tulijibiwa kuwa iko kwenye mchakato. Wakati huo masika yalijaza shimo, kingo zikabomoka, wazazi wakalizungushia miiba asitumbukie mtoto. Matofali ya safu ya juu yameanza kumeguka. Wasichana waliokuwa Kidato cha Kwanza siku ya ahadi ile wako Kidato cha Nne, na wanafanya mtihani wa taifa mwezi ujao.

Tunaomba pia kijiwe cha bodaboda kihamishwe kutoka kwenye ukuta wa shule. Hilo halihitaji fedha, linahitaji barua tu.

Kuhusu saruji, tunakuomba kwa heshima zote usitutajie idadi kubwa. Ututajie idadi itakayofika, tarehe ya kufika, na jina la ofisa tutakayemfuatilia, ili katibu wetu aviandike hapa hapa kabla hatujaenda kwenye chakula. Masika yanaanza Machi.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Maandalizi, kwa niaba ya Klabu