Kusimulia sinema si kuipima

Bwana Mhariri,

Nimesoma mwaliko wenu kwa wanafunzi wa Lubumbashi wawatumie tathmini za filamu za hali halisi, zile tunazoziita hapa dokimantere. Nilifurahi, mpaka nikafika kwenye mfano mliouchapa chini yake. Una aya sita. Tano zinasimulia sinema toka mwanzo hadi mwisho, ya sita inasema filamu "inavutia na inafundisha". Mkiwapa vijana mfano kama huo mtapokea magunia ya barua za namna hiyo hiyo. Mimi nazijua. Ndizo zinazonilisha.

Nina meza ya kupiga chapa mtaa wa Katuba: kompyuta moja, printa moja na mwavuli wa mvua. Nilianza mwaka 1994 na mashine ya mkono, ndiyo maana watoto wananiita Mama Masini hadi leo, ingawa masini yenyewe ilikufa zamani. Wanakuja wa chuo kikuu kutoka Kassapa, wanakuja na wafinalisti wa humanités, yaani wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wanaojizoeza disertasyon (insha), kwa sababu kwenye mtihani wa Taifa disertasyon inatangulia, katika hors-session, ile sehemu ya awali, kabla ya zile siku nne za mtihani wenyewe. Ukipiga chapa maneno ya watu miaka yote hii, unaanza kujua mstari unaofuata kabla haujaandikwa.

Mwaka huu mwalimu mmoja, shule siitaji, aliwapa wafinalisti wake filamu ya Dieudo Hamadi iitwayo Examen d'État, yaani mtihani wa Taifa, ya mwaka 2014. Alichagua vema. Ni sinema ya vijana wa Kisangani wanaofukuzwa darasani kwa kukosa pesa ya walimu, wakaenda kujipangia nyumba ya kusomea wanayoiita maquis. Mule wanarudia masomo, wanaombewa, na wengine wanatafuta njia za kupata majibu kabla ya siku. Kazi yao ilikuwa kuandika kama filamu ni nzuri au si nzuri, na kwa nini.

Nilipiga chapa kazi kumi na moja za darasa lile. Tatu zilikuwa pacha, zimetoka kwenye simu moja, na zote tatu zinasema mambo yametokea Kinshasa. Nilimwuliza wa tatu kama ameiangalia. Akacheka, akalipa, akaenda.

Wa kumi na moja alikuja na karatasi nne za mkono. Nilipofika ukurasa wa pili umeme ukakatika. Sasa sisi wa hapa tunajua, umeme ukikatika saa nane mchana hamna haja ya kukimbia. Tukakaa chini ya mwavuli tukala karanga. Nikamwambia, "Papa, humu umeniambia sinema yote. Na we unaionaje?"

"Iko muzuri, mama."

"Muzuri juu ya nini?"

"Juu inaonyesha ukweli."

Hilo neno nalifahamu kuliko jina langu. Kila kazi ya dokimantere inayopita mezani kwangu inasema filamu ni nzuri kwa sababu inaonyesha ukweli, kana kwamba kamera ilijiokota yenyewe ikaenda shuleni. Mtu aliamua kusimama upande fulani. Mtu alikata saa nyingi za picha akabakiza dakika zipatazo tisini. Mama akinunua kitenge soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, hasemi tu "kizuri": anakigeuza nyuma, anakisugua na kidole chenye mate aone kama rangi inatoka, anakivuta pembeni. Hata muuzaji anajua anapimwa kwa nini.

Njia ya kugeuza sinema nilifundishwa na baba yangu, naye hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa pointeri wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, yule anayeandika nani ameingia zamu saa ngapi na ametoka saa ngapi. Mwaka 2003 akatoka na wenzake zaidi ya elfu kumi katika ile operesheni ya kuondoka kwa hiari iliyogharamiwa na Benki ya Dunia. (Kwa hiari! Mtu mwenye miezi ya mshahara ambayo haijalipwa, mwenye watoto saba, unamwuliza hiari yake.) Katanga Business ya Mbelgiji Thierry Michel ilipotoka, mwaka 2009, jirani alituletea kwenye sahani ya video tukaiangalia nyumbani. Ni filamu ya kugombania migodi yetu. Mna gavana wa wakati ule Moïse Katumbi, mna mfanyabiashara Forrest, mna Wachina, mna wachimbaji wa mkono. Watoto walishangilia gavana. Baba hakusema nzuri wala mbaya. Alivua saa ya mkononi, akaiweka mezani, akachukua kalamu, akaanza kupointi: mkubwa akisema, dakika kadhaa, mfanyakazi akisema, dakika kadhaa, sauti ya mtengenezaji, dakika kadhaa. Kama zamu. Ile karatasi ilipotea tulipohama, lakini tangu siku ile siwezi kuangalia dokimantere bila kujiuliza nani amepewa muda na nani anapita nyuma ya picha bila jina.

Basi nikampa kijana kalamu. Sinema ilikuwa kwenye simu yake, betri ikiwa nusu. Tuliangalia vipande, yeye akipointi. Wanafunzi walijaza upande wao wa karatasi. Walimu walipata mistari michache.

Akanyamaza. Akaanza kumenya karanga bila kuzila. Halafu akasema, "Mama, baba yangu iko mwalimu."

Hapo ndipo tathmini yake ilipoanza, Bwana Mhariri, saa tisa na kitu, gizani kwa upande wa kompyuta. Wasomaji wenu wanajua habari ya prime, pesa ya walimu inayotoka kwa wazazi: tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio wanaobeba sehemu ya mshahara. Shule za msingi za serikali zilifanywa bure 2019, sekondari bado wanalipa. Kwa hiyo mtoto huyu alijua kitu ambacho mimi sikukijua na pengine mwalimu aliyempa kazi hakukifikiria. Aliandika upya, kurasa mbili tu. Aliandika kwamba nguvu ya filamu ni ukaribu: Hamadi ni mzaliwa wa Kisangani, anaingia maquis kama ndugu, hakuna sauti ya msimulizi inayokuambia ulie wapi. Aliandika pia kwamba hawapambi vijana wake. Wanaohangaikia majibu ya kuiba anawaonyesha wakihangaika, na hiyo inakufanya umwamini anapoonyesha mengine. Baadaye akageuza kitenge. Aliandika: "Mwalimu anaonekana mlangoni akifukuza, simwoni akirudi kwake. Mimi ninamwona kila jioni. Pesa wanayofukuziwa wanafunzi hawa ndiyo iliyoninunulia viatu." Hata hivyo akahukumu kwamba filamu ni nzuri, kwa sababu mtengenezaji alichagua kukaa na vijana na akakaa nao kweli, kosa lake ni kumwachia mtazamaji afikiri adui ni yule anayesimama mlangoni.

Unaweza kubishana naye. Mimi nilibishana naye, nikimwambia sinema moja haiwezi kuingia kila nyumba. Lakini ona, tulikuwa na kitu cha kubishania. Zile kazi kumi hazikunipa hata kimoja.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili. Sikumtoza.

Wiki iliyofuata akaniletea karatasi niione. 8 juu ya 20. Kwa wino mwekundu: "Disertasyon haina 'mimi'. Tunakuomba filamu, si maisha ya baba yako." Wale pacha watatu wa Kinshasa walipata 13 kila mmoja, maana utangulizi ulikuwepo, mwili ulikuwepo, hitimisho lilikuwepo.

Simchukii yule mwalimu. Anawaandaa watoto kwa wasahihishaji wasiowajua, walio mbali, na anaogopa 'mimi' moja isiwaangushe chini ya asilimia 50 za kufaulu. Pengine katika mtihani ana haki. Kijana angeweza kusema lile lile bila kutaja viatu. Lakini kumpa 13 mtu ambaye hajui hata sinema ilipigwa mji gani, hiyo siielewi, na nimepiga chapa mambo mengi nisiyoyaelewa.

Nanyi gazeti hamna msahihishaji wa mtihani anayewangoja. Kwa hiyo naomba: ondoeni ule mfano. Waambieni vijana kisa kikae mistari mitano, cha kumsaidia tu asiyeiona filamu. Kisha waseme wanaipima kwa nini: ukaribu, haki kwa wanaoonyeshwa, sauti, mpangilio wa picha, lolote, mradi walitaje na waonyeshe ni wapi katika filamu wameliona. Na kama mtu ana jambo analolijua kwa mwili wake, baba mwalimu, mama muuza mkaa, kaka mchimbaji wa Kolwezi, alilete mezani kama ushahidi, na msomaji aambiwe wazi kwamba anaongea mtu mwenye upande.

Ndani ya bahasha hii nimeweka zile kurasa mbili, kijana ameniruhusu ila jina lake amelifuta. Nimezipiga upya kwa herufi kubwa kidogo, bure. Mkikosa nafasi, punguzeni pale mwanzo anaposimulia, bado kuna mistari miwili mitatu ya ziada. Ile ya viatu msiiguse.

Mama Masini,
Katuba, Lubumbashi