Darasa la maktaba si la mtu mmoja: barua ya wazi kwa wakutubi wa vyuo vya Dar es Salaam

Wanangu wa Mlimani, Muhimbili, Ardhi, Chang'ombe na Kigamboni,

Chuo kikifunguliwa, mafunzo ya maktaba humwangukia mtu mmoja. Slaidi anazo yeye, nywila anazo yeye, wahadhiri wanamjua yeye. Akienda masomoni, semina zinaahirishwa, au anayemshikia nafasi anaishia kuwatembeza wanafunzi kwenye rafu. Wenzake wa dawati la kuazimisha na wa chumba cha kompyuta husema wao si walimu. Lakini anayemweleza mwanafunzi kwa nini kitabu chenye alama ya .B25 mgongoni hutangulia chenye .B3 rafuni, kwamba tarakimu za baada ya nukta husomwa kama desimali, huyo amefundisha, tena vizuri.

Msianze na kamati. Itakula muhula mzima ikiandika mwongozo usiofunguliwa na mtu. Anzeni wawili wawili, kwa kuangaliana darasani. Siku moja kabla, kaeni dakika 15: mwenye kipindi aseme wanafunzi watoke wakiweza kufanya nini, na ataje jambo moja tu analotaka aangaliwe. Mwangalizi akae nyuma, asimsahihishe mwenzake mbele za watu, na aandike alichokiona badala ya hukumu yake. "Dakika ya 20 safu ya nyuma wote walikuwa kwenye simu" inasaidia. "Kipindi kilipoa" haimsaidii mtu. Kabla siku haijaisha mzungumze, na mwenye kipindi aanze. Wa kwanza kuangaliwa awe mkuu wa kitengo, aangaliwe na mtu wa chini yake. Asipokubali hilo, wengine watakubalije?

Na nyie wakuu wa maktaba: karatasi hizo za mwangalizi zisiingie kwenye tathmini ya utumishi. Zikiingia hata mara moja, watu wataanza kuandikiana sifa tupu.

Jambo la pili ni kuandaa somo pamoja. Chukueni kosa moja mnaloliona kila siku mlichambue. Mwanafunzi wa Muhimbili anaandika kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni: malaria AND children OR infants. Anapata lundo la makala, mengine hayana hata neno malaria, naye anafurahia wingi. PubMed husoma viunganishi AND na OR kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo imetafuta malaria kwa watoto, kisha ikaongeza kila kitu kuhusu watoto wachanga. Dawa ni kuyafunga children OR infants ndani ya mabano. Ukimwambia tu weka mabano, atasahau. Mwacheni atafute kwa njia zote mbili, bila mabano na kwa mabano, alinganishe idadi ya majibu, aeleze tofauti mwenyewe. Zoezi hilo peke yake linataka dakika 20, ndiyo maana saa moja haibebi zaidi ya mambo mawili. Chama cha wakutubi wa vyuo cha Marekani, ACRL, nacho kiliachana mwaka 2016 na viwango vyake vya mwaka 2000 vya stadi za kutafuta na kutumia taarifa, kikaingia kwenye mfumo wa dhana kuu chache. Vitufe hubadilika, namna ya kufikiri hudumu zaidi.

Kila somo liandikwe ukurasa mmoja kwenye folda ya wote: lengo, zoezi, muda, na kilichokwama. Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, na ndicho chenye thamani. Andikeni, kwa mfano, kwamba majarida ya kulipia yalifunguka kwa mtandao wa chuo tu, ndiyo maana aliyejiandaa nyumbani kwa bando lake alidai hayapo. Andikeni kwamba umeme ulikatika, basi picha za skrini zichapishwe mapema.

Dakika 5 za mwisho gaweni vipande vya karatasi: umeelewa nini, kipi bado? Visomwe na watu watatu wiki hiyohiyo, mmoja wao akitoka dawatini, maana maswali yaliyobaki yatamfuata yeye.

Halafu acheni kung'ang'ania wiki ya maelekezo. Mwaka wa kwanza wiki hiyo anatafuta chumba na mkopo, hana swali la utafiti. Mwombeni mhadhiri saa moja katika wiki anayotoa kazi ya kuandika, na barua ya maombi iitaje kazi hiyo kwa jina, ieleze mtafundisha mambo gani mawili, na ibebe majina mawili ya wakutubi, ili mmoja akipata udhuru kipindi kisife.

Mzee wenu,
mkutubi mstaafu, Dar es Salaam