Jumamosi Lutembe: vitwitwi

Wapendwa, Jumamosi saa 12 asubuhi tunaondoka Entebbe kwenda Lutembe, ghuba ya Ziwa Victoria, kuangalia vitwitwi, ndege wa kando ya maji. Leteni darubini na gambuti, tope la ziwa halina heshima.

Picha zilizotumwa jana zilichanganya aina mbili za vitwitwi. Yule anayetikisa mkia bila kupumzika, mwenye weupe unaopanda mbele ya bega, huruka karibu na uso wa maji akilia kwa sauti nyembamba, “swii-wii-wii”. Mwenye madoadoa mgongoni na mstari mweupe juu ya jicho akishtuka hupaa juu akilia “chif-if-if”, akionyesha kiuno cheupe.

Kitwitwi wa tatu, mkubwa wa miguu ya kijani, mdomo umepinda juu kidogo, ni rahisi kumtambua: hulia “tyu-tyu-tyu”, mara tatu. Mimi humtambua huyu kwa sikio kabla ya jicho.

Simu kimya tafadhali, hasa wewe mwenye mlio wa jogoo!