Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kesi za Saruji na Sisi Tunaouza na Kujenga

Ndugu wanachama, wazee wangu, dada zangu wa maduka ya vifaa vya ujenzi na mafundi wote, habari za siku nyingi. Mambo ya ada na mahesabu mhazini atawasomea mwenyewe, mimi siyagusi, maana mwaka huu karibu kila kikao tulichokaa kiliishia kwenye jambo moja tu, kesi za ushindani kwenye saruji, na wengi mmekuwa mkinishika mkono mlangoni, wengine hata msibani, mnaniuliza mwenyekiti hii kesi ya viwanda vya saruji vya Twiga na Simba iliishaje na sisi inatuhusu nini.

Inatuhusu sana. Nianze mwanzo. Mwaka 2021 Scancem, ambao ni watoto wa HeidelbergCement ya Ujerumani (siku hizi inaitwa Heidelberg Materials) na ndo wenye Twiga ya pale Wazo Hill, walikubaliana kununua hisa 68.33% za Tanga Cement, yaani Simba ya Pongwe, kutoka kwa AfriSam ya Afrika Kusini. Tume ya Ushindani (FCC) ikaruhusu 2022 kwa masharti. Sasa sheria yetu ya ushindani ya 2003 ilikuwa inasema kampuni ikipita 35% ya soko na ikawa na uwezo wa kubana wenzake hiyo inahesabika imelihodhi soko, na muungano unaoleta hali hiyo umekatazwa. Kampuni moja ya Chalinze pamoja na chama cha kutetea walaji wakakata rufaa Baraza la Ushindani (FCT), na tarehe 23 Septemba 2022 Baraza likawapa haki, dili ikazuiwa. Wenye dili hawakukata tamaa, wakarudi na maombi upya, maneno yakafika mpaka bungeni, safari hii ikapita na 2023 wakakamilisha. Haikuchukua muda Simba ikahamia kwa kampuni ya Amsons ya hapa hapa Tanzania, hao hao waliochukua saruji ya Tembo ya Mbeya na ambao 2024 walivuka mpaka wakanunua kiwanda cha saruji cha Bamburi, Kenya.

Kuna wanaosema yote yale yalikuwa kelele za bure kwa sababu mwisho wa siku dili ilipita. Mimi nakataa. Twiga na Simba leo hawako chini ya mwenye mali mmoja, na mimi kama muuzaji napumua nikijua wakala wa huku akinizungusha bado naweza kugeukia kule. Kilichoniuma ni kingine, wakati ile rufaa inasikilizwa sisi tunaobeba mifuko kila siku hatukupeleka hata karatasi moja. Waliosimama ni wengine kabisa.

Na msidhani ni mambo ya kwetu tu. Hao AfriSam waliouza Simba, kule kwao Afrika Kusini walishakumbwa na kesi nzito, viwanda vinne vilikuwa vinagawana soko na kupanga bei chinichini, wakati ule utaratibu wa zamani uliowaruhusu kuuza kwa pamoja ulishafutwa tangu 1996. Mwaka 2009 tume ya ushindani ya kule ikavamia ofisi ikabeba makaratasi, PPC, mmoja wa hao wanne, akaona bora aseme kila kitu apate msamaha, AfriSam akalipa faini ya randi milioni 124.9 mwaka 2011 na mwingine wao, Lafarge, milioni 148.7 mwaka uliofuata. Kilichowafunga ni makaratasi, na mwenzao aliyeamua kusema.

Ndo maana nataka niwaambie ya kwetu wenyewe. Mwezi wa tatu mama mmoja mwanachama alikuja kwangu analalamika, wakala mmoja (simtaji, suala bado halijaamuliwa) hamuuzii saruji mpaka achukue na nondo ambazo yeye hazimtoki, zimelala stoo zinapata kutu na hela yake imekaa hapo hapo. Nikamwambia lete risiti tuandike malalamiko Tume. Akaleta boksi zima la viatu limejaa risiti za mashine. Tukazimwaga mezani, mimi, yeye na katibu, nyingi zilikuwa nyeupe kabisa! Yale maandishi ya mashine ya EFD hayakai, boksi lilikuwa juu ya kabati chini ya bati, joto limekula kila kitu, unaona tu kivuli cha tarehe na pengine tarakimu mbili tatu za mwisho. Yule mama alinyamaza kimya, akawa anazigeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Zilizosomeka ni chache, hizo ndo tulizoambatanisha, na barua imepokelewa na mhuri upo. Jamani risiti ikitoka piga picha au toa kopi siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

La mwisho ni gumu kidogo na najua kuna watakaochukia. Kwenye kikao cha Agosti ilitolewa hoja chama kitoe bei elekezi ya mfuko, wote tuuze bei moja na anayeshusha atengwe. Niliikataa isiingie kwenye ajenda na bado naikataa. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo hiyo kinakataza washindani kupanga bei na kinakataza kususia mtu kwa pamoja, na adhabu inaweza kufika 10% ya mauzo ya mwaka, mauzo jamani siyo faida, na wengi wetu tunajua faida kwenye mfuko ilivyo nyembamba, duka linafungwa hilo. Naelewa machungu ya anayeuziwa chini ya bei na jirani, hata mimi yamenikuta mwaka huu huu. Lakini hatuwezi kumshitaki wakala asubuhi halafu jioni tukae wenyewe tupange bei.

Faili la malalamiko liko kwa katibu, kila mwanachama anaruhusiwa kulisoma pale pale ofisini. Mwenye risiti zingine za kulazimishwa kuchukua nondo azilete kabla katibu hajaandika barua ya kukumbushia, anaandika wiki ijayo.