Yah: Kufunga muhula, na kumkinga mtoto na upepo mkali wakati wa likizo

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Bagamoyo.

Ndugu wazazi na walezi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tunamshukuru Mungu muhula wa pili umekwisha salama. Ripoti ya kila mtoto imo ndani ya bahasha hii, na tarehe ya kufungua shule Januari imeandikwa nyuma yake. Mwenye swali kuhusu alama amwone mwalimu wa darasa. Sehemu iliyobaki ya barua tumeiweka kwa jambo moja, kwa sababu watoto wanakuja mikononi mwenu kutwa nzima, na mvua za vuli bado zinapita.

Wanafunzi wa madarasa ya juu wamekuwa wakituuliza kuhusu tonado. Wameona kwenye simu za nyumbani upepo wa Marekani unaong'oa nyumba, na sasa kila chamchela inayopita uwanjani wanaiita jina hilo. Wadogo wanakimbia kujificha, wakubwa wanakimbilia ndani yake kucheza. Wote wanahitaji kuelezwa vizuri.

Chamchela huanzia chini. Mchana wa jua kali, mchanga wa uwanja ukipata moto kuliko nyasi za pembeni, hewa ya juu yake hupanda haraka na kuzunguka, ikibeba vumbi na majani makavu. Mbingu iko wazi, na mara nyingi baada ya dakika moja au mbili imekwisha. Madhara yake ni mchanga machoni, kipande cha bati kilichoachwa ovyo, na makaa ya jaa linalowaka. Kwa hiyo mtoto asiifuate, ageuke na kufumba macho.

Tonado huanzia juu, kwenye wingu zito la radi. Pale Marekani, hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hupita chini ya hewa baridi na kavu. Upepo wa chini ukiwa wa polepole na wa juu ukiwa wa kasi, tena unatoka upande mwingine, hewa iliyo katikati huviringika kwa ulalo kama mti wa kusukumia chapati. Kisha hewa ya joto inayopanda ndani ya wingu huuinua ule mviringo ukasimama wima. Kadiri unavyobanwa ukawa mwembamba ndivyo unavyozidi kasi, mpaka unagusa ardhi. Tonado nyingi huisha ndani ya dakika 10, lakini zile kali kabisa upepo wake hupita kilomita 320 kwa saa. Ile ya tarehe 18 Machi 1925, iliyopita Missouri, Illinois na Indiana, iliua watu 695.

Bagamoyo hatuna mgongano wa hewa wa namna hiyo, na tonado kama hizo hatuzitarajii. Mzazi anaweza kumwambia mtoto hivyo kwa moyo mweupe. Lakini upepo wa kuezua mapaa tunao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na mji wetu huu, na majengo ya misheni yakaharibiwa vibaya. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kimbunga ni kitu kikubwa, upana wake ni mamia ya kilomita, huzaliwa baharini na kukaa siku kadhaa, kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza mapema.

Kinachotujia bila kupiga hodi ni upepo wa wingu la radi. Hewa iliyopozwa na mvua ndani ya wingu huanguka kwa uzito wake, na ikifika chini husambaa kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Ile baridi ya ghafla mnayoisikia usoni wakati wingu jeusi linakaribia, kabla ya tone la kwanza, ndiyo upepo huo umeshafika. Mfundisheni mtoto kwamba baridi hiyo ikimgusa, mchezo umekwisha, aingie ndani. Kuanua nguo si kazi yake wakati huo.

Aingie wapi? Katika upepo wa aina zote hizi, watu wengi huumizwa na vitu vinavyorushwa: bati, matofali, matawi, vioo. Kanuni ni kukaa chini, ndani kabisa, mbali na matundu, na kukinga kichwa. Nyumba zetu nyingi zina ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Watu hukimbilia ukumbini kwa kuona ndiyo katikati, lakini mlango wa mbele na wa uani umekaa mkabala, na mmoja ukifunguka upepo unapita humo kama kwenye bomba. Chagueni chumba kidogo cha pembeni chenye kuta za tofali na dirisha dogo, au kisicho na dirisha. Mtoto akae sakafuni, mgongo ukutani, ainamishe kichwa magotini na kufunika kisogo kwa mikono miwili. Kama kipo kitanda cha mbao ngumu, aingie chini yake. Nyumba ya fito na udongo iliyokwisha kulowa haiaminiki, kwa hiyo kubalianeni leo na jirani mwenye nyumba imara, na muende wingu likiwa bado mbali.

Fungeni milango na madirisha yote. Zamani huko Marekani watu walishauriwa kuyafungua ili mgandamizo wa hewa ulingane, na ushauri huo umeachwa. Upepo ukiingia ndani huisukuma paa kutoka chini, huku ule unaopita juu ukiivuta. Paa huondoka kwa nguvu hizo mbili zikikutana.

Hilo la paa ndilo tunaloomba wazazi mlitilie mkazo zaidi. Chumvi ya bahari hula msumari wa bati kuanzia kwenye kofia. Kwa macho bati linaonekana limeshika, kumbe kofia imebaki ganda la kutu. Tafuteni fundi apande akague ukingoni na kwenye pembe, kwa maana upepo huanza kufunua huko. Ukingoni msumari upigwe kila baada ya mgongo mmoja wa bati, na ncha za bati zipishane angalau sentimita 15. Kenchi ifungwe ukutani kwa waya mnene wa mabati au nondo nyembamba iliyozamishwa kwenye lenta. Kuegeshwa tu juu ya ukuta hakutoshi. Paa la kibaraza lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba, ili likienda liende lenyewe. Mawe na matairi yaliyowekwa juu ya bati yaondolewe. Yanasaidia upepo mdogo, ukija mkubwa yanaanguka juu ya watu.

Msimu huu ni wa maembe, na watoto wako miembeni tangu asubuhi. Mti mrefu ni mahali pabaya wakati wa upepo na pabaya zaidi wakati wa radi. Wafundisheni kuhesabu: kutoka mmweko hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Hesabu ikiwa sekunde 30 au pungufu waingie ndani, na watoke dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Anayekutwa uwanjani na upepo wa kurusha vitu, bila nyumba karibu, alale kifudifudi kwenye bonde dogo lisilopitiwa na maji, mbali na minazi na nguzo za umeme.

Wanaoandamana na baba zao baharini wavae jaketi okozi tangu pwani. Nguzo ya maji, yaani upepo unaozunguka juu ya bahari, ikionekana imening'inia kutoka winguni, tanga lishushwe, na chombo kitoke kwenye njia yake kwa kukata pembeni. Msisogee kuitazama.

Upepo ukipita, mtoto asitoke peku, kwa kuwa misumari hutawanyika mbali sana na nyumba iliyoezuliwa. Waya wa umeme uliolala chini usiguswe hata kama taa za mtaa mzima zimezimika. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya polisi 112.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo yenye mistari miwili: chumba mlichochagua, na jirani mtakayemkimbilia. Ijazeni pamoja na mtoto, mwende naye mpaka chumbani akae kama tulivyoeleza, kisha airudishe kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu