Dumuzi adhibitiwe kabla mahindi hayajaingia ghalani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu dumuzi, mdudu ambaye hapa Dodoma tunaanza kumzungumzia pale tu mahindi yanapokuwa yamekwisha kugeuka vumbi ndani ya magunia.

Mdudu huyu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa nchini alionekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Kutoka huko alisafiri na shehena za nafaka hadi mikoa mingine, akavuka mpaka na kuingia Kenya. Wapo wanaoamini kwamba ukavu wa kanda ya kati ni kinga tosha, kwa kuwa wamezoea fukusi, ambaye hustawi zaidi kwenye nafaka yenye unyevu. Dumuzi hafuati desturi hiyo. Anaweza kuzaliana hata katika mahindi makavu ambayo fukusi angeshindwa kuyashambulia, na joto letu linamfaa sana, kwani mazingira yakimkubali huchukua chini ya mwezi mmoja kutoka yai hadi mdudu kamili.

Jambo linalompa nafasi kubwa zaidi ni mazoea yetu ya kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, darini au kwenye vihenge. Punje zilizoshikamana na gunzi humpa mahali pa kujiegemeza anapotoboa, na dawa ya unga inayonyunyizwa juu ya magunzi haimfikii ipasavyo. Mahindi yakipukuchuliwa, yakakaushwa vizuri na kuchanganywa na dawa sawasawa, madhara hupungua sana. Hata hivyo, dawa yenyewe inapaswa kuwa na viambato viwili, pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi na permethrini kwa ajili ya dumuzi, na mkulima anayeuziwa dawa ya fukusi peke yake atajikuta amelipia kinga ambayo hakuipata.

Najua wapo wanaopendekeza tulete mdudu adui amle dumuzi. Hilo si geni, kwani mbawakawa aitwaye Teretrius nigrescens aliachiwa Togo mwaka 1991 na baadaye katika nchi nyingine za Afrika, Kenya ikiwemo, lakini mafanikio yake yamekuwa tofauti kati ya eneo na eneo, na dumuzi ana hifadhi nyingine katika miti mikavu ya porini. Isitoshe, yafaa tuwaangalie wenzetu wa Ulaya, ambako mbawakawa wa madoa kutoka Asia, Harmonia axyridis, aliachiwa ili ale vidukari kwenye mazao. Mwaka 2004 alifika Uingereza, akaenea kwa kasi, na huko analaumiwa kwa kupunguza mbawakawa wa asili. Kwa hiyo nisingependa tuweke matumaini yetu yote kwa mgeni wa pili.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, na wakulima tunashukuru, lakini mbolea hiyo inazaa mahindi ambayo sehemu yake huliwa na mdudu kabla ya msimu unaofuata. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humuua mdudu kwa kumkosesha oksijeni bila dawa yoyote, inauzwa kwa bei inayomtisha mkulima wa magunia matano. Ruzuku iguse mifuko hiyo pia. Maofisa ugani nao wafike vijijini kuanzia Aprili, mahindi yakiwa bado shambani, na si Septemba, tunapokuwa tumekwisha kujaza vihenge. Na katika masoko makubwa kama Kibaigwa, ambako magunia yaliyotumika huzunguka kutoka wilaya moja hadi nyingine, uwekwe utaratibu wa kuyakagua na kuyasafisha kabla hayajajazwa nafaka mpya.

Mkulima na msomaji wako,
Kongwa, Dodoma